Kinampanda hadi Guangzhou: Safari ya Saa Ngapi?

Ukilaza rula kwenye ramani kutoka uwanja wa ndege wa Dodoma hadi ule wa Mwanza, itapita juu ya wilaya ya Iramba, jirani kabisa na kata ya Kinampanda. Ni kama kilomita 520, safari ya saa moja hivi angani. Lakini ndege haishuki Iramba. Mfanyabiashara wa Kinampanda anayefuata bidhaa Guangzhou, China, huanza safari yake kwa basi.

Kwa mstari ulionyooka, Dar es Salaam iko umbali wa takriban kilomita 600. Barabara ya kupitia Singida, Dodoma na Morogoro inazunguka, na jumla yake hukaribia kilomita 800. Basi likienda kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa, vituo na foleni ya kuingia jijini vikiwemo, zinakatika saa 13.

Kutoka Dar hadi Guangzhou ni kama kilomita 8,700. Njia fupi kuliko zote haionekani imenyooka kwenye ramani ya ukutani, kwa kuwa dunia ni duara. Inyooshe kwa uzi kwenye tufe la darasani, kama lile ambalo mwanachuo wa Chuo cha Ualimu Kinampanda angelitumia kufundishia jiografia. Uzi unavuka ikweta baharini, mashariki ya Somalia, unakata kusini mwa India, unapita Ghuba ya Bengal na Myanmar, kisha kaskazini mwa Thailand, Laos na Vietnam kabla ya kuingia China.

Boeing 787, aina ambayo Air Tanzania huitumia kwa safari ndefu, ikishatulia angani hukimbia karibu kilomita 900 kwa saa. Gawanya: saa tisa na dakika 40. Hesabu hiyo haijagusa muda wa kutembea uwanjani kabla ya kuruka, kupanda, kushuka, kukwepa mawingu ya radi na kufuata njia walizopangiwa marubani. Kwa hiyo saa kumi na nusu ni makisio ya haki zaidi. Upepo nao una neno lake. Hasa kati ya Desemba na Februari, anga ya juu ya kusini mwa China huwa na upepo mkali kutoka magharibi: unaisukuma ndege inayokwenda na kuirudisha nyuma inayorejea. Ndiyo maana safari ya kurudi aghalabu huwa ndefu, ingawa kilomita ni zilezile.

Kinachowachanganya wengi ni tiketi. Kila saa iliyoandikwa ni ya mahali husika. Tuseme tiketi inasema ndege inaondoka Dar 22:00, yaani saa nne usiku. Baada ya saa kumi na nusu, saa ya mkononi iliyotoka Kinampanda inaonyesha saa mbili na nusu asubuhi. Guangzhou iko mbele kwa saa tano, hivyo tiketi itasomeka 13:30, saa saba na nusu mchana. Asiyejua atadhani amekaa angani saa 15 na nusu!

Tangu mwaka 2024, treni ya reli ya kisasa (SGR) imepunguza kipande cha Dodoma hadi Dar kuwa cha saa nne hivi. Msafiri anaweza kuteremka basi Dodoma na kupanda treni. Hata hivyo, uwanjani atatakiwa afike saa tatu kabla ya ndege kuruka, na treni ikichelewa, ndege haimsubiri.