Mnazi Hauulizi Bahari, Huuliza Joto

Mkulima akienda pwani kumtembelea ndugu yake, harudi mikono mitupu. Hurudi na nazi tatu nne mfukoni. Mbili hukunwa na tui lake kutiwa katika wali. Ya tatu husahauliwa pembeni mwa jiko, na baada ya miezi michache mtoto huja mbio: "Baba, njoo uone, nazi imeota!" Baba huitazama ile ncha ya kijani, kisha hutazama shamba lake, naye huanza kupiga hesabu. Ikiwa moja imeota yenyewe jikoni, itakuwaje nikipanda ekari nzima?

Hilo ni swali la wakulima wengi wa skimu za makazi zilizo mbali na pwani. Ni swali zuri, kwa maana nazi ikifika soko la bara huwa imeongezewa gharama ya safari, na mwenye kuivuna nyumbani kwake huepuka gharama hiyo. Lakini jibu lake lataka uangalifu. Twalitoa hapa waziwazi: mnazi huweza kuota mahali ambapo hauwezi kuzaa. Nazi ina chakula na maji yake ndani, ndiyo sababu huota hata pembeni mwa jiko. Kuota kwake si dalili kwamba shamba lako laufaa mnazi.

Mkulima wa skimu hana ardhi ya kuchezea. Ekari zake ni za kuhesabika, na wengine bado wanalipa deni la shamba ili wapate hati. Mnazi mrefu wa pwani, ukitunzwa vizuri mahali penye joto, huanza kuzaa katika mwaka wa 6 au wa 7. Penye baridi huchukua muda mrefu zaidi, na pengine hauzai kabisa. Mtu akikosea mahindi, hulijua kosa lake msimu huo huo na kulirekebisha msimu ujao. Akikosea mnazi, aweza kulijua baada ya miaka 10.

SI BAHARI, NI JOTO

Watu wengi huamini kwamba mnazi hauwezi kuzaa bila upepo wa bahari. Sivyo. Mnazi huonekana sana ufukoni kwa sababu nazi huelea, hubebwa na maji na kuota pale inapotupwa. Tena nchi ya ufukoni ni ya chini na ina joto. Lakini huko India, katika jimbo la Karnataka, uko mji wa Tiptur unaojulikana sana kwa biashara ya mbata, yaani nazi iliyokaushwa. Mji huo uko zaidi ya kilomita 150 kutoka baharini, tena juu kiasi cha futi 2,800. Wakulima wa huko hawana bahari. Wana joto, na wana maji ya kunyweshea.

Mnazi hupenda wastani wa joto wa digrii 27 hivi za Sentigredi. Wastani wa mwezi ukishuka chini ya digrii 20, mti hudhoofika. Katika nchi zilizo karibu na ikweta kama yetu, minazi hustawi kutoka usawa wa bahari hadi futi 2,000, yaani mita 600 hivi. Kati ya futi 2,000 na 3,000 huzaa, lakini mavuno hupungua kadiri unavyopanda. Ukipita futi 3,000, mahali panapoufaa mnazi ni pachache.

Tuzitazame nchi zetu. Shimba Hills, ambako watu walipewa mashamba katika miaka ya 1950, ni vilima, lakini havifiki futi 2,000, na minazi huzaa huko. Mpeketoni katika skimu ya Ziwa Kenyatta ni nchi ya chini kabisa, nayo haina shida ya baridi. Taveta iko kiasi cha futi 2,500. Huko mnazi huzaa mradi upate maji.

Kando ya Ziwa Victoria ni habari nyingine. Kisumu iko juu, futi 3,700 hivi, lakini ziwa huzuia baridi kali ya usiku, na wastani wa joto la mwaka ni kama digrii 23. Hapo ndipo mpakani: shamba moja laweza kufaa, na jingine la maili chache kuelekea milimani lisifae. Na mkulima wa Nyandarua, ambako usiku mwingine baridi huunguza majani ya viazi, asijisumbue. Mche wa mnazi hauvumilii usiku wa namna hiyo.

BARIDI HUFANYA NINI

Penye joto zuri, mnazi mkubwa hutoa kuti jipya karibu kila mwezi. Katika kwapa la kila kuti hutoka karara moja, na ndani ya karara hiyo mna maua yanayokuwa shada la nazi. Kwa hiyo makuti 12 kwa mwaka ni mashada 12. Baridi ikija, makuti huchelewa, na yakichelewa mashada nayo hupungua. Mtu hawezi kuliona jambo hilo kwa haraka, kwa sababu mti wenyewe bado ni wa kijani na wapendeza macho.

Jambo la pili. Tangu maua yafunguke hadi nazi ikomae ni kama miezi 12. Mkulima wa mahindi aweza kuchagua mbegu inayokomaa upesi ili ayavune mapema. Mkulima wa minazi hawezi kufanya hivyo. Kila nazi lazima ipite Juni, Julai na Agosti ikiwa mtini. Ikiwa miezi hiyo ni ya baridi sana, vidaka, yaani nazi changa kabisa, huanguka kwa wingi. Zinazobaki huwa ndogo, na nyama yake nyembamba.

Jambo la tatu. Mnazi una kilele kimoja tu, nao hautoi tawi lingine. Penye baridi na unyevu pamoja, kilele huweza kuoza. Kikioza, mti umekufa.

PIMA KWANZA

Basi usipande kwa kubahatisha. Tafuta kipima-joto. Kama huna, mwulize Bwana Shamba au mwalimu wa shule iliyo karibu. Kitundike kivulini, futi 5 juu ya ardhi, mahali panapopita hewa. Kisome alfajiri kabla jua halijachomoza, na tena saa nane mchana. Jumlisha hesabu hizo mbili, kisha gawanya kwa 2. Fanya hivyo kwa siku 10 katika mwezi wa Julai, uandike kila siku. Kwa mfano, alfajiri ikiwa digrii 16 na mchana 28, jumla ni 44, na wastani ni 22.

Ili upate kulinganisha, Mombasa yenyewe katika Julai ina wastani wa digrii 24 hivi. Sasa jipime hivi:

1. Digrii 23 au zaidi: waweza kufikiria minazi kama zao la kuuza, ikiwa una maji ya kutosha.

2. Kati ya digrii 20 na 23: panda michache tu karibu na nyumba, 4 au 5.

3. Chini ya digrii 20: acha. Tumia shamba lako kwa zao linalolipa.

Iko pia mimea inayotoa ushahidi. Panapostawi chai na pareto, mnazi hauna kazi. Panapozaa maembe mengi na matamu, kuna tumaini. Na shahidi mkubwa kuliko kipima-joto ni mnazi wa jirani unaozaa. Nenda ukautazame, uulize ulipandwa mwaka gani, ulianza kuzaa lini, na hutoa nazi ngapi kwa mwaka. Usitosheke kuambiwa kwamba "uko mnazi mahali fulani." Mnazi kuwapo si mnazi kuzaa.

MAHALI PA KUUPANDA

Hewa ya baridi ni nzito. Usiku huteremka kama maji na kutuama bondeni. Kwa hiyo usipande kwenye sakafu ya bonde, ijapokuwa hapo pana maji karibu. Chagua mteremko, juu kidogo ya bonde, panapopata jua toka asubuhi hadi jioni. Usipande chini ya mwembe wala mti mwingine wenye kivuli kizito.

Ukuta wa nyumba hushika joto la mchana na kulitoa usiku, kwa hiyo karibu na nyumba ni pazuri. Lakini usisogee sana. Acha futi 20 au zaidi, kwa sababu siku moja nazi zitaanguka, na hazitachagua bati wala kichwa cha mtoto. Upande unakotoka upepo wa baridi, panda safu ya migomba iukinge mche.

MBEGU NA MICHE

Watu wa pwani husema kwamba mchagua nazi hupata koroma. Katika kununua nazi ya kupikia maneno hayo yana hekima, lakini katika mbegu ni lazima uchague. Chukua nazi zilizokomaa kabisa kutoka kwa mti wenye afya unaozaa kila mwaka. Ukipata mti wa namna hiyo katika nchi yako mwenyewe ya baridi, ni afadhali kuliko wa pwani, kwa kuwa umekwisha kujaribiwa.

Mnazi mfupi, ule ambao wengine huuita kitamli, huanza kuzaa mapema, katika mwaka wa 3 au wa 4, na madafu yake ni mazuri. Lakini ni dhaifu kuliko mnazi mrefu mbele ya ukame na baridi. Usivutwe na wepesi wake.

Laza nazi ubavu katika kitalu, uzifukie theluthi mbili, uziwekee kivuli chepesi na kuzinyweshea. Nyingi huota katika miezi 2 hadi 4. Ambazo hazijaota baada ya miezi 5, zitoe. Mche hupandwa shambani ukiwa na majani 4 hadi 6.

Chimba shimo la futi 3 kila upande. Changanya udongo wa juu na debe moja au mawili ya samadi iliyooza vizuri. Ikiwa una maji ya kunyweshea wakati wa kiangazi, panda wakati wa mvua za vuli, ili mche upate miezi ya joto ya Desemba hadi Machi kabla ya kuikuta Julai yake ya kwanza.

CHUMVI, MAJIVU NA SAMADI

Wako wanaotia chumvi katika shimo ili mnazi "udhani uko pwani." Jambo hilo si upuuzi mtupu. Mnazi huhitaji klorini, na huko Ufilipino wakulima wa mashamba yaliyo mbali na bahari hutia chumvi ya kawaida kwa kipimo. Lakini chumvi haiongezi joto, na ikizidi huharibu udongo na mazao ya jirani. Usitie kabla ya kumwuliza Bwana Shamba. Majivu ya jikoni ni salama zaidi, nayo yana potashi ambayo mnazi huihitaji sana.

Samadi nayo ina hatari yake. Chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe anayetoboa kilele cha mnazi, huzaliana katika marundo ya samadi na magogo yaliyooza. Mwenye ng'ombe asiache rundo la samadi likae miezi mingi karibu na minazi. Alisambaze shambani.

HESABU YA MWISHO

Ukipanda kwa nafasi ya futi 30 kila upande, ekari moja huingia minazi 48. Mahali penye joto, hiyo ni mali ya miaka mingi, tena katikati yake waweza kupanda mihogo na kunde. Mahali pa mpakani, hizo ni kamari 48.

Lakini tuseme umepanda mitano tu. Tuseme kila mmoja, kwa sababu ya baridi, umetoa nazi 20 kwa mwaka na si zaidi. Hizo ni nazi 100, karibu mbili kila wiki kwa jiko lako, bila kwenda sokoni. Minazi ikishindwa, umepoteza mashimo matano, na deni la shamba unaendelea kulilipa kwa mahindi na maziwa kama kawaida. Ikizaa vizuri, basi unayo mbegu iliyozoea nchi yako, na unao ushahidi wako mwenyewe. Hapo ndipo uongeze.

Kuhusu miche na mbegu bora, mwulize Bwana Shamba wako, naye aweza kuuliza kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO kilichoko Mtwapa, Kilifi. Lakini usimwendee mikono mitupu. Mpelekee zile hesabu zako za siku 10 za Julai.