Rafiki Asiyefugwa: Kiongozi-asali na Furaha za Nyika ya Tseikuru

Utangulizi

Mwanafunzi wa tafsiri anapokutana na maelezo ya msimu wa joto wa Ulaya, aghalabu huandika "kiangazi" bila kusita. Tafsiri hiyo haina kosa la kisarufi, ila ina upungufu wa kimazingira. Msimu huo wa Ulaya ni wakati wa majani mabichi na matembezi. Kiangazi cha Tseikuru, kaskazini mwa Kaunti ya Kitui, ni wakati ambapo mito ya msimu hubaki mchanga mtupu, miti mingi hupukutisha majani, na watu hufukua mchanga wakitafuta maji. Furaha ya nyika huja na mvua, hasa zile za Oktoba hadi Desemba, ambazo wakulima wa Ukambani huzitegemea zaidi. Migunga ikichanua, nyuki hurudi kazini. Na masega yakijaa, huwapo msaidizi wa kumwonyesha binadamu asali ilipo. Makala haya yanamfafanua msaidizi huyo, pamoja na funzo lake kwa wanaoshughulikia lugha.

Ndege na Kazi Yake

Ufugaji wa nyuki ni kazi ya jadi ya Wakamba. Mzinga wao wa gogo, uitwao mwatu kwa Kikamba, huchongwa na kutundikwa mtini, na asali yake ina nafasi katika mahari na sherehe. Hata hivyo, si nyuki wote wakaao mzingani. Wengine hujificha katika mapango ya mibuyu na nyufa za miamba, na hapo ndipo kiongozi-asali, aitwaye pia mlembe, anapohitajika.

Ndege huyu hupatikana katika sehemu nyingi za Afrika kusini mwa Sahara. Umbo lake halivutii: ni mdogo, rangi ya kijivu na hudhurungi, mwenye manyoya meupe kandoni mwa mkia. Mlio wake ndio unaomtambulisha, kwani hufanana na kiberiti chenye njiti kinachotikiswa. Humwendea mtu, hulia, huruka hadi mti wa mbele, kisha humngoja. Mtu akifuata, safari huendelea hivyo mti kwa mti hadi penye nyuki. Mrinaji hutia moshi, hupasua pango na kuchukua asali. Ndege hupata nta na majana, vyakula ambavyo kwa nguvu zake mwenyewe ni vigumu kuvifikia.

Jambo hili halikuanza kuandikwa jana. Katika karne ya 16, João dos Santos, padre Mreno aliyeishi Sofala, aliandika juu ya ndege aliyeingia kanisani kudonoa nta ya mishumaa, na aliyewaongoza watu kwenye mizinga. Mwaka 1989, H. A. Isack na H.-U. Reyer walichapisha utafiti wao kuhusu Waborana wa kaskazini mwa Kenya. Katika maeneo wasiyoyafahamu, warinaji walitumia wastani wa saa 8.9 kupata nyuki bila ndege, lakini saa 3.2 tu walipoongozwa naye. Waborana humwita kwa mbinja kali, wakipuliza viganja vilivyofumbatwa, kombe la konokono au kokwa la mkoma lililotobolewa.

Lugha kati ya Viumbe Wawili

Kiini cha mambo ni kwamba mawasiliano haya yana lahaja zake. Wayao wa Msumbiji humwita ndege kwa mtetemo wa ulimi na mguno. Wahadzabe wa Tanzania hupiga mbinja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kuwa ndege wa kila eneo huitikia zaidi mwito wa wenyeji wao kuliko ule wa wageni. Wala hawafunzwi hayo na wazazi, maana kiongozi-asali hutaga katika viota vya ndege wengine na hamlei kinda wake. Inaelekea kuwa hujifunza kwa kukaa karibu na watu.

Hapa ndipo anapotofautiana na mbwa wa mchungaji. Mbwa ana jina, bwana na boma la kulinda. Mlembe hana bwana, na uhusiano wake na binadamu hudumu kwa hiari ya pande zote mbili. Kwa hiyo ni uhusiano dhaifu. Pale ambapo watu wameacha kurina asali ya mwituni, wakaridhika na sukari ya dukani, tabia ya kuongoza imeelezwa kuwa hupungua. Asiyeitwa husahau kuitika.

Hitimisho

Methali husema, "Fuata nyuki ule asali." Mrinaji wa nyikani angeongeza kwamba kabla ya nyuki kuna ndege. Msamiati wa mazingira hupotea kwa njia ileile apoteavyo mlembe: kwa kutotumiwa. Kijana anayemwita kila kiumbe arukaye "ndege", na kila mmea "mti", hukosa furaha ndogo zilizo mlangoni pake, na Kiswahili nacho hukosa maneno ambayo Kikamba na lugha jirani zingeweza kukikopesha. Wanafunzi watokao Tseikuru na kwingineko Ukambani wana kazi iliyo karibu nao: wakati wa likizo, waandamane na wazee wanaojua kurina, wakusanye majina ya ndege, miti na misimu, kabla mwito na mwitikio havijanyamaza pamoja.