Safari ya Mama kutoka Raila: Kuichagua Njia Kabla ya Kuichagua Bei



Tulikuwa Nairobi kwa shughuli ya arusi, na Jumamosi baada ya Alasiri tukaalikwa katika nyumba moja ya Raila, kule Kibera, kumuombea dua mama mmoja anayesafiri. Tulidhani twaenda kusoma Fatiha, kunywa chai ya tangawizi na kurudi mapema kabla barabara hazijajaa. Tulikuta nyumba ina mzozo.

Mama huyo ana miaka 68, ana kisukari, na goti lake la kulia halimpi raha. Binti yake wa mwisho anafanya kazi ya uuguzi Minneapolis, Marekani, na siku kumi kabla ya hapo alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza. Yuko ndani ya arubaini, peke yake na mumewe, hana wa kumkanda wala wa kumpikia uji wa pilipili manga. Mama anatakiwa afike, na afike upesi. Mwanawe wa kiume aliyekusudiwa kumsindikiza hakupata viza. Kuhusu safari ya mwanamke asiye na mahramu, familia ilikuwa imekwisha kumwendea imamu wao, na hilo si letu kulieleza hapa. Lililobaki ni tiketi.

Binti alikuwa kwenye simu, sauti imewekwa juu. "Kaka, hiyo ya chini ina nafuu ya dola 230. Mimi sasa sifanyi kazi, nielewe." Kaka yake akajibu kwamba hiyo ya chini ni ndege nne na saa 41, na tena ni tiketi mbili mbalimbali. Waliendelea hivyo, kila mmoja na hoja yake, na kwa hakika wote wawili walisema kweli. Hatimaye mama, aliyekuwa kimya muda wote akizungusha tasbihi, akasema: "Nitakwenda kwa yoyote mtakayonipa, wanangu. Ila safari hii msinilaze vitini tena."

Hapo ndipo tulipoelezwa habari ya safari yake ya kwanza, miaka mitatu nyuma. Hatutautaja uwanja wala shirika. Alikatiwa tiketi mbili zilizounganishwa kwa matumaini. Ndege ya kwanza ikachelewa, ya pili ikaondoka, na kwa kuwa tiketi hazikuwa moja, hakuna aliyekuwa na wajibu naye. Alikaa saa 19 kwenye viti vya chuma katika nchi asiyojua lugha yake. Alisali akiwa ameketi, akiikisia kibla, kwa kuona haya kuuliza. Na jambo lililotuchoma zaidi: hakunywa maji. Aliogopa kwamba akinywa atahitaji choo, na akienda chooni atapoteza kiti, au atapotea yeye. Alifika kwa bintiye miguu imevimba hata viatu havivuki. Wala hakuwaambia watoto wake hadi Jumamosi ile.

Wahenga walisema msafiri maskini ajapokuwa sultani. Sisi twaona umaskini huo hauanzi ndani ya ndege. Mama huyu hakulalamikia ndege hata mara moja. Kiti alikiona chembamba, chakula alikiona hakina chumvi, basi. Kilichomvunja ni pale safari ilipokatika. Kwa hiyo tuliomba karatasi, tukaketi na kijana wake, tukaanza kuzitazama njia upya kwa swali moja: katika kila njia, mama atakatiza wapi, na hapo atakuwa katika hali gani?

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi Minneapolis. Iliyo karibu na hiyo ni ya Kenya Airways kwenda New York, iliyoanza tarehe 28 Oktoba 2018. Huruka kwa takriban saa 15 bila kutua, huondoka Nairobi usiku na kufika Marekani asubuhi. Kaka mtu aliipenda sana, na kwa anayeishia New York au miji ya karibu nasi twaipenda. Lakini iko sheria ambayo wengi huijua wakiwa wamekwisha kufika: Marekani, kila anayetoka nje hupita uhamiaji na kuchukua mizigo yake katika uwanja wa kwanza anaotua, hata kama mizigo imeandikiwa mji mwingine. Kwa hiyo baada ya saa 15 za kuketi, mama huyu angesimama kwenye foleni ya uhamiaji New York, akajibu maswali, akatafuta masanduku yake, akayakabidhi tena, akakaguliwa tena, kisha akapanda ndege nyingine ya kama saa tatu. Taabu yote ya safari ingemngoja mahali asipokuwa na mtu wake.

Njia ya Doha ina sifa ambazo wasomaji wetu wanazijua: uwanja safi, vyumba vya sala, chakula cha halali kisicho na mashaka, na ndugu wengi wa kumuuliza kwa Kiarabu au hata kwa Kiswahili. Nairobi hadi Doha ni kama saa tano. Tatizo ni kwamba mtu husimama mapema mno, angali na nguvu zake, kisha hupandishwa ndege ya Marekani ambayo kwa miji ya kati kama Chicago huchukua kama saa 15. Njia ya Addis Ababa inazidi katika hilo: Nairobi hadi Addis ni saa mbili tu. Tena Addis iko juu, zaidi ya mita 2,300, na hewa nyepesi ya mlimani huifanya ndege iliyojaa mafuta ishindwe kupaa na uzito wote. Ndiyo sababu baadhi ya ndege za Ethiopia ziendazo Marekani zimekuwa zikitua njiani, Lomé au Dublin, kuongeza mafuta. Asiyejua hushtuka akadhani wamefika.

Istanbul imekaa vizuri zaidi: saa saba hivi kutoka Nairobi, kisha kama saa 11 au 12 hadi Chicago. Bado lakini ingebaki ndege ya tatu.

Ndipo tukafika Amsterdam. Nairobi hadi Amsterdam ni saa nane na nusu hivi, na kutoka Amsterdam ipo ndege iendayo Minneapolis penyewe, kama saa tisa. Tulipoandika namba hizo mbili pamoja, kijana alinyamaza kidogo, kisha akacheka. Safari imekatika katikati hasa, mara moja tu. Usiku mmoja wa ndege, asubuhi ya kunyoosha miguu, mchana mmoja wa ndege. Uhamiaji na mizigo vyote vingekuwa Minneapolis, na nje ya mlango mkwewe amesimama. Ilikuwa ghali kuliko ile ya ndege nne kwa zile dola 230, ila ilikuwa nafuu kuliko ya New York.

London pia ina njia kama hiyo, ila mwenye pasipoti ya Kenya huhitaji viza hata ya kupita tu uwanjani, isipokuwa ana hati fulani kama viza halali ya Marekani. Sheria za kupita hubadilika, na ndugu zetu wenye pasipoti za Somalia hudaiwa viza ya kupita katika nchi za Ulaya ambako Mkenya hadaiwi. Ulizeni ubalozi au shirika kabla ya kulipa.

Mama alipoambiwa saa nne za kungoja Amsterdam, uso ulimbadilika. Kwa nini si saa moja na nusu? Tulimweleza kwamba muda mfupi ndio uliomlaza vitini. Mtu mzima mwenye goti bovu hahitaji muda mfupi wa kubadilisha ndege, ahitaji muda unaotosha ndege ya kwanza ichelewe na bado apate kujisaidia, kutawadha, kusali na kula kitu bila kukimbizwa. Saa tatu hadi tano ndicho kipimo chetu. Zikizidi nane, lipieni chumba, au chagueni njia nyingine. Na tiketi iwe moja, toka mwanzo hadi mwisho, ili ndege ikichelewa shirika liwe na wajibu wa kumtafutia nyingine.

Sasa miguu yake. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2007 kwamba hatari ya damu kuganda kwenye mishipa huongezeka karibu mara mbili kwa aliyesafiri saa nne au zaidi akiwa ameketi bila kusogea. Si hatari kubwa kwa mtu mwenye afya, kama mmoja katika 6,000, lakini huzidi kwa wanene na kwa wanaotumia vidonge vya kupanga uzazi, na wajawazito pamoja na waliojifungua karibuni nao wajihadhari. Wanawake wengi wanaosoma ukurasa huu wamo humo. Dawa yake ya kwanza ni kusimama na kutembea, na ndiyo maana tulimkatia mama kiti cha ujiani, asilazimike kuomba ruhusa ya watu wawili kila anapotaka kunyanyuka. Maji nayo anywe. Hewa ya ndani ya ndege ni kavu sana, unyevu wake huwa chini ya asilimia 20. Soksi za kubana aziulizie kwa daktari wake, kwa sababu kwa mgonjwa wa kisukari si kila soksi inafaa. Dawa zake zote, hasa insulini, zikae kwenye begi la mkononi pamoja na barua ya daktari, kwa kuwa kwenye shehena huenda ikaganda kwa baridi au ikapotelea mbali.

Kiti cha magurudumu huombwa wakati wa kukata tiketi, au saa 48 kabla. Mama alikikataa. "Mimi si kiwete." Tulimwambia kiti hicho kina faida moja isiyotajwa: kina mtu anayekisukuma, na mtu huyo anaijua njia. Akakubali. Akifikishwa mlango wa ndege yake, ashuke atembee, maana kiti nacho ni kuketi. Mlo wa Waislamu huagizwa siku moja kabla angalau. Tumeona wengi wakidhani huja wenyewe kwa kuwa jina la abiria ni Fatuma.

Pana jambo moja la kupendeza kuhusu hewa. Ndani ya ndege nyingi abiria huwa kama mtu aliye mlimani, hadi kiasi cha mita 2,400. Katika Boeing 787 na Airbus A350 kiasi hicho hushushwa hadi mita 1,800 hivi, na wengi huripoti uchovu mdogo. Mkaazi wa Raila anaishi kwenye mita 1,700 au zaidi kidogo, kwa hiyo kifua chake kimekwisha kuzoea. Sisi wa Mombasa, Malindi na Lamu, tunaolala usawa wa bahari, ndio wa kuitafuta aina ya ndege kabla ya kulipa. Huandikwa kando ya namba ya safari.

Na kwa kuwa twawataja watu wa pwani: anayeanzia Mombasa asifungamanishe treni na ndege ya siku hiyo hiyo kwa saa mbili. Stesheni ya Syokimau iko karibu na uwanja wa Jomo Kenyatta, ni kweli, lakini Barabara ya Mombasa haina ahadi. Fikeni jana yake, mlale kwa ndugu. Wanaokwenda Perth, Australia, wasikimbilie Ghuba tu. Nairobi hadi Johannesburg ni saa nne, kutoka huko hadi Perth ni kama tisa au kumi, na tangu Januari 2023 Mkenya haombi viza kuingia Afrika Kusini kwa matembezi. Wa Jeddah na Dubai hawana haja ya somo hili.

Ibada pia ina sehemu yake katika kuichagua njia. Ndege nyingi za Ulaya huondoka Nairobi usiku, hivyo Magharibi na Isha huweza kusaliwa kwa utulivu ardhini, na Alfajiri ikawa ndiyo sala ya angani. Kutoka Ulaya kwenda Marekani mchana, jua hukufuata. Siku hurefuka, na aliyefunga ataona saumu haina mwisho. Rukhsa ya msafiri kula na kulipa, kupunguza sala na kuzijumuisha, imewekwa kwa ajili ya siku kama hizo, na mgonjwa wa kisukari asiione kuwa unyonge. Nyakati za dawa zake nazo zipangwe upya na daktari kabla ya kuondoka, si angani kwa kukisia.

Jua lilikuwa limekwisha kuzama tulipomaliza. Kwenye simu binti alisema tu, "Haya kaka, kata hiyo. Zile dola nitazitafuta." Kaka yake akamjibu kwamba nusu atatoa yeye. Mjukuu wa kike, mwanafunzi wa kidato cha tatu, aliletewa kadi ngumu ya boksi la biskuti, akaiandika kwa Kiingereza upande mmoja na Kiswahili upande wa pili: jina la bibi, namba ya safari zote mbili, ugonjwa wake, simu ya Minneapolis, na sentensi ya kuomba maji.

"Na huko katikati," mama akauliza, "pa kusalia papo?"

Papo. Uwanja wa Schiphol una chumba cha ibada cha watu wa dini zote, ndani, baada ya ukaguzi. Mjukuu akageuza kadi akaliongeza hilo chini kabisa, kwa herufi kubwa, kisha kwa herufi ndogo akaongeza swali la kibla.