Mguu wa Matende Siku ya Uhakiki

Mwezeshaji wa TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, akibisha hodi Kilwa Kivinje au Somanga kwa uhakiki, hukaribishwa barazani na kuulizwa safari. Naye huuliza hali. Jibu ni lile lile la pwani nzima: njema, alhamdulillah. Mama mwenye matende, aliyelala siku nne juma lililopita kwa homa na mitoki, hujibu hivyo hivyo, maana leo amepata nafuu na mgeni hapokewi kwa malalamiko. Ni adabu njema kabisa. Lakini jibu hilo likishaingia kwenye dodoso, linasomeka kwamba mtu huyu ni mzima na anaweza kufanya kazi.

Pwani ya Lindi imeishi na matende na mabusha kwa vizazi. Minyoo ya filaria, inayoenezwa na mbu, hukaa kwenye mishipa ya limfu kwa miaka na kuiharibu. Dawa zinazogawiwa kwa jamii nzima, ivermectini na albendazole, huua minyoo michanga iliyomo kwenye damu na hivyo kukata maambukizi. Mguu uliokwisha kuharibika hazirudishi. Ndiyo maana mtu anaweza kupimwa damu, akaambiwa hana vimelea, na bado akabaki na mguu mzito maisha yake yote. Anayeandika kwenye fomu kwamba mgonjwa huyo “amepona” amechanganya mambo mawili.

Na uzito wa mguu si tatizo pekee. Kinacholaza watu ni homa ya matende. Bakteria hupenya kwenye mipasuko midogo katikati ya vidole, mguu ukavimba zaidi na kuwaka, mitoki ikajaa kinenani, na kwa siku kadhaa mtu hawezi hata kukanyaga. Kisha homa inaondoka. Ukimkuta siku ya pili yake anafagia uani, utasema hana neno.

Sasa fikiria kazi za mama yule. Kilimo cha mwani na uvuvi wa pweza hufuata bamvua, siku chache tu ambazo maji hukupwa sana, kisha mtu husubiri kama wiki mbili hadi bamvua lijalo. Homa ya siku nne ikiangukia bamvua imekula kipato cha nusu mwezi. Hesabu ya siku za kuumwa peke yake haisemi hasara hiyo. Lazima mtu aieleze.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010, inamruhusu aieleze. Haiangalii kiungo kilichokatika tu. Ulemavu kwa mujibu wake ni kupoteza au kupungukiwa nafasi ya kushiriki maisha ya kawaida ya jamii sawa na wengine, kwa sababu za kimwili, kiakili au kijamii. Mgonjwa wa matende anaingia humo bila kubembeleza. Kinachomkwamisha ni namna anavyoulizwa na namna anavyojibu.

Katika Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF, majina ya kaya maskini hutajwa kwenye mkutano wa kijiji, kisha kaya hujaziwa dodoso linalopima hali ya maisha. Mahali pa kuwa macho zaidi ni panapoulizwa nani ana uwezo wa kufanya kazi. Kaya yenye nguvu kazi hupangiwa ajira za muda, hadi siku 60 kwa mwaka, kuchimba malambo au kutengeneza barabara. Kaya isiyo na mtu wa kufanya kazi haitakiwi kufanya hivyo. Jibu moja la adabu linaweza kumpeleka mwenye matende kwenye sururu na tope, na tope ndilo linaloleta homa. Wanaume wenye mabusha huficha zaidi, hasa anayeuliza akiwa binti wa rika la watoto wao. Hapo mgonjwa aombe kuzungumza na mwanamume, au ndugu amsemee.

Kwa aliyeajiriwa na kuchangia mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF, kipimo ni kikali zaidi. Pensheni ya ulemavu hutolewa pale madaktari wanapothibitisha kwamba mtu amepoteza theluthi mbili ya uwezo wake wa kujipatia kipato. Cheti kinachosema “matende, mguu wa kulia” na kuishia hapo hakisaidii. Daktari aandike mgonjwa anaweza kusimama muda gani, homa imemlaza mara ngapi kwa mwaka, na kazi ipi haiwezi tena. Kila homa inapokuja, nenda zahanati iandikwe kwenye daftari lako, hata kama dawa unazo nyumbani. Daftari la mwaka mzima litasema yale ambayo mguu uliotulia siku ya uhakiki hauwezi kuyaonyesha.

Uingereza wamejaribu kuliweka kwenye kanuni suala hili la mtu anayeweza leo na kesho asiweze. Katika ruzuku yao ya ulemavu iliyoanza 2013, mtu huhesabiwa kuwa anaweza jambo iwapo tu analiweza kwa usalama, kwa kiwango kinachofaa, kwa kulirudia kila inapohitajika, na kwa muda unaostahili. Hilo tungeliiga leo. Lakini wanataka pia shida iwepo katika zaidi ya nusu ya siku zote, na hapo nawapinga. Kipimo hicho kingemwacha nje mama anayekosa bamvua baada ya bamvua.

Liko jambo linaloniumiza zaidi. Tiba kubwa ya matende ni usafi: kuosha mguu kila siku kwa maji na sabuni, kukausha katikati ya vidole, kuuinua unapopumzika, kuvaa viatu. Anayefuata hayo homa humpungua, na siku ya uhakiki ndiye anayeonekana hana shida. Asiadhibiwe kwa kujitunza. Barua ya daktari itaje kwamba nafuu hiyo inategemea matunzo ya kila siku, na iseme nani humtekea maji.

Kaya ikipangwa vibaya, malalamiko hupelekwa kwanza kwa kamati ya usimamizi ya jamii ya TASAF kijijini. Ikishindikana, kwa mratibu wa halmashauri, ambaye kwa watu wa Kilwa yuko Kilwa Masoko. Nenda na daftari la zahanati, na ubaki na nakala ya barua unayoiacha huko.