UPUNGUFU WA MAJI YA MTO TANA NA HASARA ZAKE KWA WAKULIMA WA BURA

Mto Tana ndio mrefu kuliko mito yote ya Kenya. Huanzia katika milima ya Nyandarua na Mlima Kenya, hushuka hata nchi kavu ya Garissa, kisha huelekea kusini mpaka Bahari ya Hindi. Kando yake ndipo ilipo Bura: ng'ambo ya mashariki ni Kaunti ya Garissa, na ng'ambo ya magharibi, penye mashamba makubwa ya kumwagiliwa maji, ni Kaunti ya Tana River. Mvua ya huko ni haba, yapata milimita 400 kwa mwaka. Kwa hiyo mkulima wa Bura hawezi kutegemea mawingu. Tegemeo lake ni mto.

Watu wengi hudhani ya kuwa upungufu wa maji maana yake ni mto kukauka. Sivyo. Mto waweza kuwa na maji, na shamba likafa kwa kiu, ikiwa hapana njia ya kuyafikisha maji shambani.

MAJI YA KUVUTWA KWA MASHINE

Mpango wa Bura ulipata mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 1977, na wakulima wa kwanza, waliotoka sehemu mbalimbali za Kenya, waliingia mwaka 1981. Kila jamaa ilipewa hektari 1.25, yaani ekari tatu hivi, ilime pamba ya kuuza na mahindi ya chakula. Ilikusudiwa kwamba baadaye maji yaingie mferejini yenyewe, bila mashine. Lakini gharama zilipanda mno, jambo hilo likaahirishwa, na maji yakaendelea kuvutwa kwa pampu za dizeli pale Nanigi.

Pampu ina adui wengi. Mto ukipungua, maji hayafiki penye mdomo wake. Mto ukijaa, huleta matope. Dizeli ikipanda bei au chombo kikivunjika, kazi husimama. Huko Hola, kusini ya Bura, jambo kubwa zaidi lilitokea mwaka 1989: mto ulibadili njia yake, kituo cha pampu kikaachwa pakavu, na kilimo kikakoma kwa miaka mingi.

HASARA HUONGEZEKAJE?

Hasara ya kwanza ni ya mazao. Pamba huhitaji maji zaidi wakati wa kuchanua na kufunga vitumba. Maji yakikosekana wakati huo, maua na vitumba vichanga huanguka, na maji yajayo baadaye hayarudishi kilichopotea. Mahindi nayo yakikosa maji yanapotoa mbelewele, huzaa magunzi yenye punje chache.

Hasara ya pili ni deni, nayo yafaa ifahamike vema. Gharama za trekta, mbegu, dawa ya wadudu na maji zilitolewa kwanza na wasimamizi wa mpango, kisha zikakatwa katika fedha za pamba. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba pamba ya mtu ingeuzwa shilingi 1,000, na gharama zake ni shilingi 600. Atabakiwa na shilingi 400. Sasa maji yakikosekana na avune nusu tu, atapata shilingi 500. Je, atabakiwa na shilingi 200? La, hasha! Gharama hazikupungua, kwa kuwa shamba limekwisha kulimwa na mbegu imekwisha kupandwa. Hatapata kitu, na tena atadaiwa shilingi 100. Hivyo nusu ya mavuno yaweza kumaliza faida yote.

Hasara ya tatu huenea kwa jirani. Mkulima asiye na fedha wala mahindi hununua unga kwa mkopo, na mwenye duka naye hukosa kulipwa. Vibarua wa kuchuma pamba hukosa kazi. Wafugaji Waorma na Wasomali, ambao huleta wanyama wao mtoni wakati wa kiangazi, hukosa mtu wa kununua maziwa na mbuzi, wala hapana mabua ya kulisha ng'ombe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mashamba mengi ya Bura yalibaki makavu, na watu wengi walihama. Hata hapo hasara haikwisha. Mathenge, mti wa miiba uliopandwa huko katika miaka ya 1980 kwa ajili ya kuni, uliingia katika mashamba na mifereji iliyoachwa. Mashamba yalipoanza kufufuliwa katika miaka ya 2000, ilikuwa lazima kwanza kulipia kazi ya kuung'oa.

FUNZO LA BURA

Baada ya mwaka 2010 ilianzishwa kazi ya kujenga mfereji wa kutoka Korakora, ili maji yateremke yenyewe bila dizeli. Hili ndilo lililokusudiwa tangu mwanzo. Mfereji huo waweza kupunguza gharama, lakini hauwezi kuongeza maji ya mto, nao hujaa matope usiposafishwa.

Basi yawapasa wakulima na wasimamizi kuhesabu maji kabla ya kuhesabu ekari. Afadhali ekari moja inyweshwe mpaka mavuno, kuliko ekari tatu zipandwe na kuachwa njiani. Kwa maana ekari iliyokauka haimlishi mtu, bali deni lake hubaki.