Kitabu cha Maswali na Mtihani wa Fundi wa Kompyuta

Mtihani wa A+ wa ufundi wa kompyuta, ulioanzishwa na chama cha CompTIA cha Marekani mwaka 1993, una sehemu mbili, kila moja maswali yasiyozidi 90 kwa dakika 90. Watahiniwa wengi hutegemea vitabu vya maswali ya mazoezi. Je, vitabu hivyo hufundisha?

Mwaka 2006 Roediger na Karpicke waliwapima wanafunzi waliosoma makala fupi. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya juma moja, waliokuwa wamejipima bila kutazama walikumbuka asilimia 56, wenzao 42. Faida basi imo katika kujitahidi kukumbuka, wala si katika kufunua majibu mapema.

Tuchukue printa ya leza itoayo karatasi ambayo wino wake wa unga hufutika kwa kidole. Aliyekariri kwamba “jibu ni C” hupotea herufi zikibadilishwa. Ajuaye kwamba rola yenye joto ndiyo huyeyusha unga ukashika karatasi, ataitaja mara moja, tena ataeleza kwa nini kubadili wino hakutasaidia. (Wanafunzi wangu huanza kwa kueleza majibu yasiyo sahihi, hulalamika sana.) Na mtihani huo una maswali ya kutenda pia, yasiyo na herufi za kuchagua.