KAMERA YA MZEE IMEGOMA? ISIKILIZE, USIILAZIMISHE!

Kama ulikuwa hujui, mkanda umerudi mjini! Kijana ana simu mfukoni inayopiga picha mia tano kwa siku, lakini bado anaitamani ile kamera ya mzee iliyolala kabatini. Hata watengenezaji wamestuka: mwaka 2024 Pentax walitoa kamera mpya kabisa ya mkanda, Pentax 17.

Sasa kasheshe ni hii. Kamera iliyolala miaka 20 haisemi kama inaumwa. Unabonyeza, inalia "klak", unachekelea. Unakwenda nayo kwenye harusi ya dada yako, unapiga picha 36, unapeleka mkanda kusafishwa, unarudishiwa mtupu. Na harusi hairudiwi, ndugu yangu.

Mimi mgonjwa wa vyombo hivi nakwambia: maradhi mengi hujitangaza kabla hujaweka mkanda. Unahitaji masikio, dirisha lenye mwanga na nusu saa tu.

USIFUNGUE KWANZA!

Kabla ya yote, zungusha taratibu kile kishikio kidogo cha kurudishia mkanda, ukifuata mshale. Kikizunguka bure, ndani hakuna kitu. Kikikaza, acha! Humo kuna mkanda, na huenda sura ya bibi yako imo. Bonyeza kitufe kilicho chini ya kamera, rudisha mkanda mpaka kishikio kilegee, ndipo ufungue. Mkanda wa zamani, hasa wa nyeusi na nyeupe, mara nyingine bado unatoa picha.

BETRI NDIYO MCHAWI WA KWANZA

Watu wengi wanaita kamera "mbovu" kumbe ina njaa tu. Canon AE-1, iliyotoka mwaka 1976, haipigi kabisa bila betri yake ya volti 6. Lakini Pentax K1000, iliyotoka mwaka huohuo na kutengenezwa hadi 1997, inapiga hata bila betri. Yenyewe inaitaka kwa ajili ya kupima mwanga tu. Kwa hiyo jua kwanza unacho chombo gani.

Ukikuta unga mweupe kwenye kijumba cha betri, chukua kijiti cha pamba, chovya kwenye siki kidogo, futa, halafu kausha kwa spiriti. Kamera nyingi hufufuka hapohapo.

SEKUNDE MOJA, DAKTARI WAKO

Fungua mgongo wa kamera. Weka spidi ya sekunde 1, vuta mkono, bonyeza. Pazia lifunguke, likae, lifunge. Likikwama katikati au likivuta miguu kama mtu aliyeamshwa usiku, ujue grisi imekauka ndani. Rudia mara ishirini hivi. Mara nyingine linachangamka. Lisipochangamka, hiyo ni kazi ya fundi.

Kisha toa lenzi, elekeza kamera dirishani, weka spidi ya 1/1000 na uchungulie kwa nyuma. Uone mwanga ukipita dirisha lote. Upande mmoja ukibaki giza, mapazia mawili hayakimbii pamoja, na picha za spidi hiyo zinaweza kutoka na upande mweusi. Bwana harusi ataonekana, bibi harusi hayupo!

Angalizo kwa wenye Zorki na FED, zile za Kisovieti: vuta mkono kwanza, ndipo ubadilishe spidi. Ukifanya kinyume unaweza kuvunja mashine ndani.

MAFUTA YA CHEREHANI? HAPANA JAMANI!

Kuna fundi mmoja nilimpelekea lenzi iliyokuwa nzito kidogo kuzungusha. Bwana yule akaimiminia mafuta ya cherehani, akanirudishia huku anatabasamu. Baada ya wiki mbili mafuta yakatambaa hadi kwenye zile bati nyembamba zinazofungua na kufunga tundu la mwanga. Zikanatana. Nikiweka 16 tundu linabaki wazi, picha zinaungua kwa mwanga.

Kwa hiyo kagua: weka 16, piga huku ukitazama lenzi kwa mbele. Bati zijifunge ghafla, zikiwa kavu. Ukiona zinang'aa mafuta au zinajivuta, ipumzishe.

AE-1 nazo zina kikohozi chao. Ukibonyeza inalia kama mlango mkavu. Ni giya za kioo cha ndani zimekauka, zinataka tone moja mahali pake. Nasema tone, si kikombe!

SPONJI INAYOYEYUKA

Pembeni mwa mlango wa nyuma kuna sponji nyeusi ya kuzuia mwanga. Ikizeeka inageuka lami. Mwanga unaingia, picha zinapata michirizi. Hiyo unaimudu nyumbani: kwangua kwa kijiti, safisha kwa spiriti, kisha laza uzi mweusi wa kufumia ndani ya mfereji. Ila usiguse kioo wala mapazia.

MKANDA UNATEMBEA?

Hili ndilo linaloua harusi za watu. Ukishaweka mkanda, kaza kwanza, kisha kila unapovuta mkono tazama kile kishikio cha kurudishia. Kikizunguka, mkanda unatembea. Kikitulia tuli, umeshika hewa. Na mkono ukigoma kwenye picha ya 36, usiubane; mkanda umeisha. Ukiubana unakatika.

MWISHO WA MAMLAKA YAKO

Kamera ndogo yenye flashi ndani usiifungue kwa bisibisi. Ina kihifadhi umeme kinachoweza kubeba volti 300 hivi, hata betri ikiwa imetoka. Mazishi hayana picha ya pili! Nyingine yoyote ikikataa baada ya ukaguzi huu, peleka kwa fundi, mweleze ulichosikia na ulichoona. Fundi akianza na chupa ya mafuta kabla hajauliza swali, chukua chombo chako uondoke.

Zikipita zote, usikimbilie shughuli. Piga mkanda mmoja wa majaribio: paka, jirani, daladala. Ukitoka safi, hapo ndipo umwambie dada aweke tarehe.

Haya, kazi kwenu. Wiki ijayo panapo majaliwa!